Jirani Aliyevuna Ulezi Mbichi

Watu wa Ihembe wakimtaja yule mama, kwanza hutema mate pembeni. Wengine hata hawakuwahi kumwona, wamezaliwa yeye keshaondoka. Wanatema kwa sababu baba zao walitema. Mimi sitemi, na mtu akitema mbele yangu namwambia afute. Jina lake silitaji. Si kwa kumwonea haya, la hasha! Jina lile limepita katika midomo michafu ya kutosha, sitaki kuwaongezea. Mbele yake nilimwita Mama, maana alinizidi umri, na nikimsema nyumbani kwangu nilimwita Jirani. Hapa nitamwita hivyo.

Mimi ni mtu wa kuja. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara, asili yake Pwani. Alinioa Unyanyembe tukapandisha mpaka Karagwe, wakati Wadachi ndio kwanza wanaanza kuonekana huku. Akafungua duka Ihembe, kando ya njia ya misafara: kaniki, merikani, shanga, chumvi, sindano. Ua wetu ulipakana na kibanja cha Jirani. Kibanja ni shamba la migomba na nyumba ikiwa ndani yake, na mtu wa Karagwe ukimtoa kwenye kibanja chake hujambakishia kitu. Jirani alikuwa mjane, hana mtoto. Kibanja kilikuwa cha marehemu mumewe. Ndugu wa mumewe, yaani shemeji yake, alikaa ng'ambo ya kijito, ana kibanja chake na watoto tele, lakini macho yake hayakubanduka kwenye migomba ya yule mjane. Hilo lishikeni, maana mengine yote yanatoka hapo.

Njia ya misafara ilipita mbele ya migomba yake, na hakuna aliyepita bure. Alikaa penye mlango wa ua anachambua maharage, na pembeni yake kikapu kidogo cha buni. Huku mgeni hukaribishwa kwa buni: zinachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zinakaushwa, unapewa utafune. Kila nyumba ilifanya hivyo. Jirani naye alifanya, ila aliuliza kwanza.

"Umetoka wapi?"

"Ng'ambo ya Mto Kagera, mama."

"Kuna nini huko?"

"Wanasema ndui imeingia."

"Wanasema nani? Umeona mgonjwa kwa macho yako, au umeambiwa?"

Aliyesema ameona, aliulizwa mgonjwa alikuwa amelala au anatembea, nyumba yake iko upande gani wa njia, jirani zake wamehama au wapo. Huyo alipewa buni, na kama ana njaa alikatiwa ndizi. Aliyesema ameambiwa tu, alipewa maji. "Maji simnyimi mtu," alisema, "lakini buni zangu ni za waliotumia macho." Wapo waliokasirika. Mmoja alimwaga maji yale miguuni pake. Jirani akamwambia ahsante, umenimwagilia boga.

Baada ya muda wapita njia walimzoea. Wachukuzi wa chumvi walikuwa wakitua mizigo na kuanza wenyewe: "Mama, hili nimeliona, na hili nimeambiwa." Mume wangu alicheka sana. Alisema huyu mwanamke ametutangulia, ameanza kutoza ushuru kabla ya Wadachi. Lakini kila alipotaka kutuma mizigo kaskazini, nilimwona anajipenyeza kwenye ua wa Jirani, eti anakwenda kumjulia hali, kumbe anauliza kama njia ni salama. Nilimwambia, bwana, usijifiche, sisi sote tunakula mezani kwa yule mama.

Ndui ilipofika kweli Bugene, mji wa karibu nasi, sisi tulikuwa tumekwisha jifungia. Jirani alikuwa ameweka kibuyu cha wageni nje, mbali na vya nyumbani, na hakuna mgeni aliyevuka mlango wa ua. Watu walimwita mwenye roho mbaya. Anamkalisha mgeni juani! Katika nyumba yake na yangu hakuzikwa mtu mwaka ule, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumwambia ahsante.

Nyumba za huku wakati huo zilikuwa misonge, nyasi tangu kileleni mpaka chini, na ndani sakafu inatandikwa nyasi laini. Zinapendeza, na ukiingia unasikia harufu ya shamba. Lakini cheche moja tu ikiruka, kwisha habari. Kwa Jirani nyasi hazikusogea jikoni, palikuwa udongo mtupu uliosiribwa. Kuizunguka nyumba alifagia duara pana mpaka ardhi ikang'aa, hapaoti hata jani. Mtungi wa maji ulikaa mlangoni na hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa, hata awe na kiu ya namna gani. Yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye heshima zake, alilala karibu na mlango mahali pa watoto. Wenzake walimcheka. Mahali pa mtu mzima ni ndani kabisa, walisema. Akawajibu kuwa heshima yake ina miguu, itatoka naye.

Karibu na mlango huo kilitundikwa kikapu. Ndani yake mlikuwa na jembe lisilo na mpini, kisu, mbegu za maharage na ulezi zimefungwa mbalimbali, vijiti vya kupekecha moto, chumvi na kipande cha nguo ya magome. Kila baada ya mavuno alikishusha, akabadilisha mbegu, akakirudisha. Nilimwuliza, Mama, unakwenda wapi? Akasema haendi popote, ndiyo maana anataka kuwa tayari.

Halafu palikuwa na vile vituko vyake vya mchana. Watu mmetulia, jua kali, mmoja anasuka, mwingine anasinzia, ghafla unasikia ukelele kutoka kwake: "Moto! Moto!" Kila mtu alikuwa na kazi yake. Mjakazi wetu abebe mtoto wetu, mimi nibebe maji, mume wangu abebe mundu wa kukatia nyasi za paa. Mara ya kwanza nilitoka mbio na kioo changu mkononi. Mume wangu alitoka dukani na kiatu kimoja, amekumbatia mizani. Jirani alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Mizani!" akamwambia. "Utapima majivu?"

Lo, mume wangu alinuna siku nzima. Alisema hawezi kuchezewa na mwanamke asiye na haya. Mara ya pili alitoka na mundu. Hata ardhi ilipotetemeka, na huku hutetemeka, wengine walibaki ndani wameshikilia nguzo wanaomba, sisi tulikuwa tumekwisha fika uwanjani tumesimama pale alipotuzoesha, na yeye anatuita mmoja mmoja ahakikishe.

Msidhani nawasimulia malaika. Alikuwa mchoyo wa kutisha. Ukienda kumwomba moto, alikuuliza wako umeuzimaje. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Na huyu aliyewatesa wapita njia kwa ukweli, mwenyewe alikuwa mwongo hodari kwa mtu mmoja. Shemeji yake akimwuliza ana chakula kiasi gani, alisema hana, alikuwa anafikiria kuja kuomba kwake. Nilimwambia, Mama, hili ni uongo. Akasema, "Mwanangu, yule hanidai ukweli." Wapiga ramli aliwadharau waziwazi, aliwaita wanafiki mbele ya watu. Lakini shingoni alivaa hirizi nene iliyoshonwa kwa ngozi. Nilipomcheka akasema na huko nako lazima ajiandae. Na radi! Mwanamke asiyeogopa moto wala ndui wala wanaume, radi ya kwanza ikipiga alijifunika ungo kichwani, akaimba mpaka mvua ikatike. Sauti mbaya, wallahi.

Senene nao, wale panzi wa kuliwa, alikuwa akiwala. Ninyi mnaowanunua leo wamekaangwa hamjui lilikuwa jambo gani. Wanawake waliamka alfajiri kuwaokota kwenye umande, wakawachambua mabawa na miguu, wakawakaanga, wakawapelekea wanaume. Wao wenyewe mwiko. Jirani aliwala mlangoni, mchana, kila mpita njia anamwona. "Nimeokota mimi, nimechambua mimi, nimekaanga mimi," alisema. "Sasa nimpishe nani?" Shemeji yake alisema mwanamke wa hivyo ataleta balaa. Neno hilo alilisema mara nyingi kabla halijamfaa.

Chakula alikificha ardhini. Alichimba shimo refu mahali pakavu, akawasha moto ndani mpaka udongo ukauke, akatandika majani makavu ya migomba. Akatia makopa ya ndizi aliyoyakausha juani, ulezi, na maharage yaliyochanganywa na majivu ili yasitobolewe. Akafunika, na juu akapanda maboga. Unapita juu ya chakula cha miezi unaona maboga tu. Pembezoni mwa migomba alipanda viazi vikuu na magimbi, akaviacha vikae, hachimbi hata kama vimekomaa. Ndizi ndiyo chakula, watu wa huku walisema, viazi ni vya maskini. Yeye alisema atakuwa maskini mapema, kabla ya wenzake, ili azoee.

Basi, ukaja mwaka wa nzige.

Habari ilianzia kaskazini, na ilikuja ikiwa habari njema. Watu walifika wakisema ng'ambo ya mto wameshuka senene kwa wingi usiosemeka, na wanakuja huku. Ihembe ilifurahi. Wanawake walisuka vikapu vipya, wanaume walikata nyasi za kuwashia moto wa kuwavutia, vijana waliimba. Ulezi ulikuwa shambani, umeshatoa masuke lakini haujakauka, na hakuna aliyeutazama. Mume wangu naye aliagiza chumvi ya ziada, maana kila mtu atakaanga. Kosa lile lisingeweza kufanywa na mtu wa nchi nyingine. Nani mwingine angesikia wadudu wanakuja akashika kikapu na kuimba?

Jirani hakusuka kikapu. Alikaa mlangoni na buni zake anangoja. Wengi walipita, wote wameambiwa, wote walikunywa maji. Mpaka akaja mchukuzi mmoja wa chumvi, mtu mfupi mwenye jeraha mguuni, akasema ameona. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekaa pale pale kwenye jiwe la mlangoni.

"Umewaona wakifika saa gani?" Jirani akamwuliza.

"Jua likiwa kichwani, mama."

Mkono wake ukasimama kwenye maharage. "Mchana? Si alfajiri?"

"Mchana. Waliziba jua."

"Wana rangi gani?"

"Wekundu."

"Walipotua, waliondoka wameacha nini?"

Yule mtu akafikiri. "Nilipita penye shamba la mtama," akasema. "Palikuwa na vijiti."

Jirani akampa kikapu chote cha buni. Akasimama, akajikung'uta vumbi, akaniambia, "Mwanangu, hawa si senene. Senene hawaji na jua, wala hawamalizi shamba. Leta kisu."

Alipita nyumba kwa nyumba siku ile. Vuneni, aliwaambia, vuneni hata ukiwa mbichi, tutaukausha motoni. Wakamcheka. Mwenye njaa ya senene kuliko wote anatuambia si senene! Shemeji yake alimfukuza uani kwake mbele ya watoto, akamwambia anataka wavuruge mavuno yao ili waje kumwomba. Hata mume wangu alisema niache upuuzi. Sikuacha. Tulivuna ulezi wake wote mbichi, mimi na yeye na mjakazi wetu, tukaukausha juu ya moto huku macho yanatutoka machozi ya moshi. Watu walipita na vikapu vyao wanaimba, wanatuzomea. Nilikuwa na hasira, na hadi leo nikikumbuka ninayo.

Nzige walikuja jua likiwa kichwani. Sina haja ya kuwaeleza sana. Kwanza watu walishangilia, walikimbia na vikapu. Halafu kelele zikabadilika. Mimi na Jirani tulisimama kwenye miche yake ya maharage tunapiga kelele, tunapunga mikono, mimi napiga sufuria kwa mwiko. Tulichokiokoa ni kidogo. Walipoondoka, majani ya migomba yalikuwa yamebaki mishipa tu, na ulezi wa Ihembe ulikuwa vijiti, kama alivyosema yule mchukuzi. Nzige ni halali kuliwa, mume wangu alitukumbusha, na tuliwala. Utawala siku ngapi?

Njaa ilipokaza, ndipo mdomo wa shemeji ulipofunguka. Alikwenda Bugene kwa mkungu, yule mkubwa aliyewekwa na Mkama, mfalme wa Karagwe, kutazama vijiji vyetu, akamshitaki Jirani kuwa mchawi. Aondolewe, na kibanja kirudi kwa ukoo. Tuliitwa barazani. Uwanja ulijaa watu waliokonda. Jirani alivaa nguo yake nzuri ya magome, akajipaka siagi usoni, sijui aliipata wapi, akang'aa kuliko wote. Nilimwambia, Mama, usingeng'aa hivi. Akasema hawezi kushitakiwa akiwa mchafu.

"Waitu, mkubwa wetu," shemeji akaanza, "nchi nzima ilikuwa inangoja senene. Huyu peke yake alivuna. Alijuaje, kama si yeye aliyewaita?"

Watu wakanguruma. Mkungu akamwuliza Jirani ana la kusema. Akasema anaomba awaulize wanaomshitaki neno moja tu. Akaruhusiwa. Akaanza upande wa kushoto, akamsimamia mtu wa kwanza, mzee aliyemjua tangu ujana.

"Uliniona nikiwaita nzige kwa macho yako, au uliambiwa?"

Mzee akatazama chini. "Niliambiwa."

"Na wewe?"

"Niliambiwa."

Alikwenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, hakumruka mtu. Wengine walijibu kwa sauti isiyosikika, akawaambia warudie. Alipofika kwa shemeji yake, yule bwana alikuwa amejiweka tayari.

"Mimi nimeona," akasema. "Nilikuona shambani umeinua mikono juu, unapiga kelele, na nzige wanatua."

Jirani akageuka akanitazama, mara ya kwanza tangu tufike barazani. Ni kweli aliinua mikono. Mume wangu alinishika kanga, maana alinijua. Alikuwa ameniambia nyumbani kwamba sisi ni wageni, mambo ya ardhi ya watu hayatuhusu, na mke wa mfanyabiashara hasemi barazani. Kanga ikabaki mkononi mwake.

"Hata mimi niliinua mikono!" nikasema. "Tulikuwa tunawafukuza. Ikiwa huo ndio uchawi, basi mimi ni mkubwa wake, maana mimi nilikuwa na sufuria!"

Watu walicheka. Walikuwa na njaa, lakini walicheka, na mkungu naye akacheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Akasema atalifikiria jambo hili, kila mtu aende kwake. Tulipofika nyumbani mume wangu akasema, "Mwanamke wewe," akaniletea maji ya kunywa. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo.

Kesho yake Jirani alifukua maboga, akafungua shimo lake. Akatangaza kuwa anayetaka kula aje, mchana, kwa njia kuu, si kwa njia ya nyuma. Na kila atakayekula, akachimbe shimo kwake kabla hajarudi kuomba tena. Alikwenda mwenyewe kuyatazama yale mashimo. Lisilochomwa moto alilikataa. Walikuja. Waliokuwa wamesema "niliambiwa" walikuja, na yule aliyemmwagia maji miguuni alikuja. Walipokea mikono miwili, na wakitoka nje ya ua wakatema mate. Nilitaka kuwapiga. Jirani akaniambia niwaache, mate hayapunguzi ulezi. Shemeji hakuja. Mkewe na watoto walikuja, na kwa hao tu, alijifanya hajaona kuwa wamepita njia ya nyuma.

Viazi vikuu vikatuvusha mpaka mvua. Migomba ikachipua. Na migomba ilipochipua na matumbo yakajaa, shemeji alimpelekea mkungu ng'ombe. Ng'ombe walikuwa adimu kuliko dhahabu tangu ugonjwa wa sotoka ulipowamaliza, na mkungu akamaliza kulifikiria lile jambo. Amri ikatoka kwamba yule mwanamke aondoke siku hiyo hiyo.

Walikuja wanaume na fimbo, shemeji mbele. Nadhani walijiandaa kumburuta. Pengine walitaka alie. Alikuwa amekaa mlangoni. Akanyoosha mkono, akatungua kile kikapu, akakiweka kichwani.

"Mmechelewa," akawaambia. "Nawangoja tangu mavuno."

Akatoka. Hakugeuka kutazama migomba. Mimi ndiye niliyelia, nililia barabara nzima kwa sauti, nikawatukana wale wanaume kwa Kiswahili na kwa lugha yao, na mume wangu hakunishika kanga. Nilitaka aingie kwangu. Akasema hawezi kukaa upande wa pili wa ua anatazama mtu mwingine akikata ndizi zake. Alikwenda kaskazini, njia ya wachukuzi wa chumvi.

Miaka ikapita. Mume wangu alifariki nikabaki na duka. Nilimwuliza kila mchukuzi aliyetua kwangu kama amemwona, mpaka mmoja akasema yuko Kyerwa, kwenye mteremko wa mawe juu ya bonde la Kagera, mahali ambapo hapana aliyetaka kulima. Nikafunga duka, nikaenda. Njiani nilijipanga namna ya kumbembeleza. Nilimwona kichwani mwangu kikongwe anayeomba, nikanunua na kaniki ya kumvika.

Nilikuta ua umejaa watu wamekaa wanangoja zamu. Mmoja anauliza kama avushe mbuzi, mwingine kama kweli ndui iko Ihembe. Wachukuzi wawili wa chumvi walikuwa ndio wanainuka, midomo imejaa buni. Jirani alikuwa amekonda, jicho moja limeingia ukungu, na amevaa vizuri kunishinda mimi. Kati ya mawe alikuwa amepata migomba michache, mifupi, yenye kiburi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeona nini njiani?"

Nilicheka nikalia. Tukakaa. Nikamwambia twende kwangu, mimi ni mjane sasa, nyumba ni kubwa. Akakataa. Nikasema basi apokee kaniki. Akaipokea, akaikunja mapajani.

"Ile migomba yangu," akasema, "naijua mmoja mmoja. Usiku naizunguka yote. Usiniambie ikoje."

Sikumwambia. Akabadili maneno, akasema wale wachukuzi wawili wameona nzige kwa macho yao, ng'ambo ya mto, wanakuja na upepo huu. Ulezi wa mteremko ule ulikuwa umekwisha vunwa, nimeuona mwenyewe umeanikwa.

Tukiwa hapo akapanda kijana, anahema, jasho tupu. Nilimtambua kabla ya Jirani. Mtoto wa kwanza wa shemeji, mmoja wa wale wa njia ya nyuma, sasa mwanamume mwenye ndevu. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama mkubwa. Baba amenituma. Watu wanasema kuna wadudu ng'ambo ya mto. Wengine wanasuka vikapu, wengine wanasema ni nzige. Baba anauliza, ni nini?"

Watu wote uani wakageuka kutazama. Hata waliokuwa hawajui habari walijua hapa kuna jambo. Jirani alimtazama kwa lile jicho zima.

"Baba yako ana miguu?"

"Anayo."

"Njia anaijua, ndiyo aliyonifukuzia. Aje mwenyewe aniulize."

"Mama mkubwa, hatakuja. Unamjua."

"Namjua. Nenda."

Kijana akainuka. Hakubisha. Akaanza kuteremka yale mawe. Mimi nilifurahi, nakiri, nilifurahi sana. Waache waimbe tena na vikapu vyao! Jirani akachukua ungo, akapepeta mara mbili tatu, akauweka chini.

"Yule ameoa?" akaniuliza.

"Ameoa. Ana watoto, mdogo bado ananyonya."

Akatukana tusi ambalo sitalirudia, sijui alimtukana nani. Akasimama kwa kushika bega langu, akaenda mpaka ukingoni mwa mteremko, akaweka mikono mdomoni.

"Wee! Ni nzige! Vuneni kesho, hata ukiwa mbichi!"

Chini kule kijana akasimama, akageuka, akainua mkono kuonyesha amesikia. Akaanza kukimbia. Jirani akavuta pumzi, akapiga ukelele wa pili, mkali kuliko wa kwanza, mpaka waliokuwa bondeni wakainua vichwa.

"Na umwambie baba yako, mchawi ndiye aliyesema!"